Siku Tulipokuwa Mzigo wa Lori la Sadiki

Sisi tuliozaliwa kando ya barabara ya Kibondo kwenda Kasulu, wakati ule ikiwa vumbi kiangazi na tope masika, tulijua kusikiliza magari kabla hatujajua kusoma. Wewe wa rika langu unayesoma hapa, najua masikio yako yameshaanza kukumbuka. Magari yalikuwa machache, na kila moja lilikuwa na sauti yake kama mtu. Hukuhitaji kuliona. Ulisimama uani, ukainua kidole, ukanyamaza, na ulijua nani anakuja.

Kijiji chetu kilikaa juu ya mgongo wa kilima, barabara ikipita chini yake. Upande wa Kibondo kulikuwa na mlima mrefu tuliouita Gia ya Kwanza, kwa sababu hakuna dereva aliyeumaliza kwa gia nyingine. Gari lilianza kusikika likiwa mbali sana, ng'ambo ya msitu wa miombo. Lilipotea, likarudi, likapotea tena, ndipo likaingia Gia ya Kwanza likilia kwa uchungu. Kuanzia hapo mpaka lifike kwetu ulikuwa na muda wa kunawa uso, kuvaa nguo ya safari, kufunga kuku wako miguu na kushuka barabarani bila kukimbia.

Mchezo wetu mkubwa ulikuwa kutaja. Mmoja akisikia mngurumo anapiga kelele, "Nimelikamata!" Wote mnanyamaza. Halafu kila mtu anataja: lori la mbao, lori la tumbaku, gari la mapadri. Aliyekosea anawachotea wenzake maji, ndoo moja kila mtu. Nimechota maji mengi mpaka nilipoijua tofauti ya injini inayopumua vizuri na ile ambayo nozeli zake zimechoka. Wavulana walitengeneza malori ya bati la kopo, matairi ya kandambili zilizokwisha, na springi kamili, vipande vyembamba vya bati vimepangwa kimoja juu ya kingine, kirefu juu, vifupi chini. Mimi nilikuwa na langu. Mama alinichapa mara mbili kwa ajili ya lori lile, mara ya kwanza kwa sababu ni msichana, mara ya pili kwa sababu nilikuwa nimekata kopo lake la mawese.

Katika magari yote, mmoja tu tulimwita kwa jina. Lilikuwa basi la rangi ya kahawia, tukaliita Bihogo, jina ambalo kwetu Buha hupewa ng'ombe wa rangi hiyo. Na kwa kuwa ni ng'ombe, hatukusema limekuja, tulisema amekuja. Bihogo hakuzaliwa basi. Fundi mmoja wa Kibondo alichukua chesisi ya lori kuukuu, ile fremu ya vyuma viwili virefu vilivyounganishwa kwa vyuma vifupi kama ngazi iliyolazwa chini, akaikata katikati, akaongeza kipande, akachomelea, na juu yake akasimamisha nyumba ya mabati yenye madirisha. Ndiyo maana alikuwa mrefu juu, hata watu wazima walipanda kwa kushikwa mkono. Injini ilikuwa mbele, ndani kabisa, ubavuni mwa dereva, imefunikwa kwa kifuniko cha bati kilichotandikwa blanketi.

Kifuniko kile kilikuwa kiti cha heshima. Asubuhi za kwetu zina baridi, nyinyi mnajua, umande unaloweka mpaka magoti. Kile kilikuwa na joto kama jiko. Hakikugombewa na mtu, kiliachwa kwa mama anayetoka hospitali ya Kabanga na mtoto mchanga. Mama alikaa pembeni, mtoto akalazwa juu ya blanketi, na dereva akawa anabadilisha gia huku akimchungulia. Wengi wetu wa rika lile tuliingia kijijini kwa mara ya kwanza tukiwa tumelala juu ya injini ya silinda sita. Watoto wa leo wakilia wanachezewa simu. Sisi tulinyamazishwa na dizeli.

Hata shule ilimheshimu. Bihogo alipoanza kupanda Gia ya Kwanza, mwalimu wetu wa hesabu alisimama na chaki hewani, akasubiri mpaka kelele zipite, kisha akaendelea na mstari ule ule kama vile hakuna kitu. Harufu ya moshi iliingia madirishani, nasi tukaivuta kwa nguvu. Najua kwamba si kitu kizuri kwa mapafu. Mpaka leo, na nimezunguka, nimeuza dagaa Kahama, vitenge Tunduma, nimekaa Mpanda miaka miwili bila sababu ya maana, nikiamka asubuhi stendi yoyote nikasikia harufu ile, najisikia niko nyumbani.

Baba yangu alikuwa amefanya kazi ya utingo wa malori kabla ya kuoa, kwa hiyo katika jambo la injini neno lake lilikuwa la mwisho. Alikaa jioni na kahawa yake, akasikiliza, akatoa hukumu. "Huyu kabadilisha pampu." "Huyu kabeba kupita kiasi." Sisi tuliokuwa tunabishana tulinyamaza. "Injini haidanganyi," alizoea kusema. "Mtu atakudanganya, injini haiwezi."

Ilikuwa mwanzo wa masika, mimi nikiwa darasa la nne, Bihogo alipokosa kuja. Siku zake zilikuwa Jumatatu na Alhamisi kwenda Kasulu, kesho yake kurudi. Ikapita Jumatatu, ikapita Alhamisi. Mtu wa baiskeli akatuambia yuko gereji Kibondo, anaumwa. Anaumwa nini? Hakujua. Wiki ya pili nayo ikaanza hivyo hivyo, na magunia ya watu yakazidi kurundikana majumbani.

Mama alikuwa na mimba yake ya mwisho. Uchungu ulianza Jumatano asubuhi. Alhamisi asubuhi mtoto alikuwa bado hajatoka. Bibi Anastazia, mkunga aliyetupokea sisi wote nyumbani kwetu, alitoka nje akifuta mikono kwa khanga, akamwambia Baba bila kuzunguka.

"Mtoto amekaa vibaya. Mimi nimefika mwisho wangu. Mpelekeni Kabanga, na iwe leo."

Kabanga, kwenye hospitali ya wamisionari karibu na Kasulu, kulifikika kwa njia mbili. Ya kwanza ilikuwa ya miguu, njia ya mkato iliyoanzia nyuma ya kijiji na kuvuka mito miwili, wanaume wanane wakipokezana ingobyi, kile kitanda cha miti na kamba tunachobebea wagonjwa. Ukiondoka asubuhi unafika jioni, kama mito imekubali. Mwaka uliotangulia jirani yetu alibebwa kwa njia hiyo, naye akiwa na uchungu. Alirudishwa siku ile ile amefunikwa uso. Njia ya pili ilikuwa gari, na gari halikuwepo.

Mjomba Ezekieli, kaka yake Mama, alikuwa ameshakusanya wanaume. Wakamtoa Mama ndani, wakamlaza, wakainua miti mabegani. Upande wa Kabanga mbingu ilikuwa nyeusi. Hatua tatu tu, Baba akainua mkono.

"Nyamazeni."

Tukanyamaza. Mbali kabisa, ng'ambo ya miombo, kulikuwa na mngurumo. Ukapotea. Ukarudi.

"Bihogo," Baba alisema. "Amepona. Msikilizeni."

"Shemeji, acha hayo," Mjomba alisema. "Mvua inanyesha kule juu, mito itajaa. Twende."

"Ni yeye! Silinda ya tatu inakohoa, husikii? Mimi nimelala juu ya injini miaka sita, wewe unanifundisha nini?"

"Na tukishuka barabarani tukakuta siye? Tutapanda tena kilima na mgonjwa? Utavuka naye saa ngapi?"

Wanaume walisimama na ingobyi mabegani, hawajui waelekee wapi. Mimi nilikuwa nimeshika kona ya blanketi la Mama. Nilikuwa nimesikia pia. Ningeweza kuapa kwamba ni Bihogo, na ningechota maji mwaka mzima kama si yeye.

"Ezekieli," Mama aliita kutoka kitandani. Sauti ilikuwa imekwisha.

"Naam, dada."

"Hata mimi nimemsikia. Nishusheni barabarani."

Wakageuza ingobyi.

Barabarani tulikuta nusu ya kijiji imeshafika. Wote walikuwa wamemsikia. Wiki mbili bila gari, kila mtu alikuwa na kitu: magunia ya muhogo mkavu, maharage, tangawizi, madumu ya asali. Wengine hawakuwa na safari, walikuja tu kumpa Bihogo pole. Alikuwepo Mama Pili, mfanyabiashara wa dagaa wa Kasulu aliyekwama kwetu siku zote hizo. Alikuwa mwanamke mnene kuliko yeyote katika tarafa ile, na kwa mdomo hakuna aliyemweza. Walipomwona Mama walisogea ili ingobyi iwe mbele. Injini ikaingia Gia ya Kwanza, ikalia kilio chake kile kile, silinda ya tatu ikikohoa. Watu wakaanza kutabasamu.

Kona ya mwisho ikatoa pua. Pua ilikuwa ya kijani. Likaja lori, limechongoka, halina hata turubai, na nyuma halina kitu.

Mama alikuwa ameinua kichwa kidogo.

"Huyo siyo Bihogo," alisema, akakilaza tena.

Lori likasimama. Aliyeshuka alikuwa Sadiki, dereva wa Bihogo mwenyewe, mtu wa Ujiji mwenye kofia ya mkono na Kiswahili kilichonyooka mpaka sisi tuliona haya kufungua vinywa mbele yake.

"Sadiki," Baba alimwambia, kama mtu anayelalamika. "Injini ni ya Bihogo."

"Injini ni yake, mzee wangu. Hukukosea. Chesisi ndiyo imekatika, pale pale ilipoungwa, bodi lote limepinda. Tajiri amesema injini isilale bure, tumeichomoa tumeipachika humu. Natoka nayo Kibondo leo mara ya kwanza, nakwenda Kasulu kupakia mbao."

"Nilisema!" Mjomba alipaza sauti. "Nilisema mimi!"

Baba alikuwa ameshika mti wa ingobyi kwa mikono miwili, hatazami mtu. Mvua ilikuwa imeshaanza kule Kabanga, tuliiona ikining'inia. Njia ya mito ilikuwa imekufa, na kila mtu mzima pale alijua hivyo.

"Yemwe, jamani!" Bibi Anastazia aligomba. "Mnatazamana nini? Lori si gari? Mpakieni."

Sadiki alizunguka nyuma ya lori lake, akarudi. Akachuchumaa karibu na Mama, akampa pole, ndipo akasimama akasema na wanaume kwa sauti ya chini, lakini mimi nilikuwa karibu.

"Sikilizeni. Hili ni tupu. Springi zake zimetengenezwa kubeba tani saba, likiwa tupu zimekaza kama jiwe, hazinesi. Kila shimo linarusha. Mimi mwenyewe huku mbele nimeng'ata ulimi mara mbili. Nikimweka mama huyu huko nyuma peke yake, kwa barabara hii..." Hakumalizia. "Na huku mbele hawezi kulala."

Hapo ndipo Baba alipoinua uso.

"Lipe mzigo," alisema.

"Ndiyo, mzee. Likishiba linatulia. Lakini mzigo wenyewe uko Kasulu."

"Mawe yapo," mtu mmoja alisema.

"Mawe hapana. Mawe yanaruka, yatampondaponda. Nataka kitu kinachokaa. Magunia." Sadiki alitazama umati. "Na watu."

Baba aligeuka. Mpaka leo namwona vile alivyosimama, mtu ambaye neno lake lilikuwa la mwisho, amevua kofia.

"Jamani. Mimi ndiye niliyesema ni Bihogo, wengi wenu mmeshuka kwa ajili ya maneno yangu. Sasa naomba tena. Naomba mpande. Siyo kwa safari. Mpande muwe mzigo."

Si kitu kidogo alichoomba. Waliokuwa na safari ya Kasulu hawakufika ishirini. Wengine walikuwa na palizi inawangoja, na kurudi ingekuwa kwa miguu, kwa kufuata barabara kwa kuwa mito imejaa, siku mbili katika tope.

"Miaka yote mnanicheka," Mama Pili alisema kwa sauti, akijifunga khanga kiunoni. "Eti nikipanda Bihogo analala upande. Haya, leo nani ana kilo? Nisukumeni nipande!"

Watu wakacheka, na kicheko kile ndicho kilichowafungua miguu. Magunia yakaanza kupanda. Waliokuwa wameacha ya kwao nyumbani walikimbia kuyaleta. Mzee mmoja akaja na mbuzi wawili. "Mbuzi hapana, hawatulii," Sadiki alimwambia, "panda wewe." Mwalimu wetu wa hesabu alikuwa ameshuka na wanafunzi, maana nani angebaki darasani? Akasimama kwenye bodi akipiga hesabu: "Watoto watatu ni gunia moja la muhogo. Darasa la saba wote. Darasa la sita wote. Wadogo rudini." Mimi wa darasa la nne nikamwambia, "Mwalimu, yule ni mama yangu." Akanitazama, akanibeba akanipandisha. Nikawa theluthi ya gunia.

Sadiki alikuwa amelala kifudifudi kwenye tope, anazitazama springi za nyuma. Zilikuwa zimejikunja kama upinde. Kila watu walipoongezeka alipiga kelele kutoka chini. "Bado! Bado! Mama Pili, rudi nyuma kabisa, kaa juu ya ekseli! Bado!" Springi zilianza kunyooka, taratibu. "Hapo! Zimelegea! Asishuke mtu!"

Mama alipandishwa mwisho. Hakuwekwa nyuma wala mbele, aliwekwa katikati, baina ya matairi ya mbele na ya nyuma, mahali ambapo lori halipandi sana wala halishuki sana. Wala hakulazwa sakafuni. Wanaume wanane waliketi, wanne kila upande, wakaishika miti ya ingobyi magotini, mikono yao ikawa springi ya pili. Mjomba Ezekieli alishika upande wa kichwa, Baba upande wa miguu. Walikuwa hawajasemezana.

Tukaondoka. Sadiki aliendesha kama aliyebeba mayai, na kila penye shimo alipaza sauti dirishani, "Shimo!" Nasi wote tukajikaza, tukajibonyeza chini kana kwamba tunaweza kuongeza uzito kwa kutaka. Lori lilizama, likainuka, likazama, kama mtu anayevuta pumzi ndefu. Halikurusha. Wanawake waliimba polepole. Bibi Anastazia aliweka mkono juu ya tumbo la Mama na hakuutoa. Mama alikuwa amefumba macho, na mimi nilihesabu kila alipoyafumbua.

Penye tope kubwa lori lilikwama. Siku nyingine abiria wangeruka chini wasukume. Safari hii ilibidi kwanza ingobyi ishushwe, ndipo watu washuke, wasukume tope likiwafika magotini, halafu wapande tena kwa mpangilio ule ule, kila mtu mahali pake, Sadiki akichungulia springi. Kijana mmoja, tulipopita kwa wakwe zake, akaomba ashukie pale. Lori zima lilimzomea. "Kaa chini! Wewe ni gunia!" Akakaa.

Tulifika Kabanga alasiri, mvua ikitupiga. Muuguzi mmoja alitoka mbio na kitanda cha magurudumu, akaona watu wasiohesabika wanateremka, wametapakaa matope, wamebeba magunia. Akashika kichwa.

"Wagonjwa ni wangapi?"

"Mmoja," Baba alisema.

"Na hawa?"

"Hawa ni mzigo."

Wakamwingiza Mama. Sisi tulikaa chini ya paa la nje, safu ndefu, na hakuna aliyeondoka, hata waliokuwa na biashara Kasulu. Sadiki alikuwa amechelewa mbao za tajiri wake, akasema atatafuta la kumwambia, naye akakaa pamoja nasi. Baba alikaa peke yake kwenye kona, mikono imevimba kwa ule mti. Baada ya muda Mjomba Ezekieli alisimama, akamfuata, akakaa karibu yake.

"Shemeji."

"Usiseme kitu."

"Sisemi kitu. Nakuletea uji."

Wakanywa kwenye kikombe kimoja.

Muuguzi alirudi jioni jua likiwa limetoka kidogo. Walimpasua. Mama mzima, mtoto mzima, msichana. Mama Pili akapiga kigelegele kilichowatoa wagonjwa vitandani, akagombezwa, akapiga kingine. Akataka mtoto aitwe Mzigo. Baba alikataa, mtoto akabatizwa Veronika.

Walirudi kwa miguu, wote, siku mbili, wakilala kwa ndugu na kwa watu wasiowajua. Muhogo wao ulirudi kidogo kidogo, kila Sadiki alipopita. Na sifa ikabaki. Kwenye kila harusi na kila msiba, lazima mtu angesimama aseme, "Mimi nilikuwa tairi la nyuma, kulia," na mwingine ambishie, "Kulia nilikuwa mimi." Wapo waliodai walikuwemo na hawakuwemo. Mama hakumkatalia yeyote, aliwashukuru wote.

Miaka michache baadaye majirani zetu wa Burundi walikimbia vita, na malori ya misaada yakaanza kupita kwenda kambi za Mtabila na Nduta, kumi kwa mpigo, mapya, meupe, yote yana sauti moja. Mchezo wa kutaja ukafa wenyewe. Ungetaja nini? Baba aliendelea kukaa na kahawa yake, akisikiliza, lakini hukumu hakutoa tena. Amefariki sasa, na lile lori la kijani sijui liliishia wapi.

Mwaka huu nilirudi nyumbani, kama ninavyorudi kila nikichoka na mahali, nikamchukua Mama Kibondo, anakoishi sasa kwa Veronika, nikampeleka Kabanga kupima macho. Mjukuu wake, mtoto wa Veronika, alitusindikiza. Tulipanda basi jipya la Kichina kwenye lami nyororo. Injini iko nyuma kabisa, huisikii. Chini hakuna springi za majani, zile za vipande vya chuma vilivyopangwa, kuna mifuko ya upepo, dereva anabonyeza kitufe basi zima linashuka kumpokea bibi kizee kama mtumishi anayepiga goti. Nasema kweli, nilitamani Baba angeliona. Nilimsimulia yule kijana habari za lori, akatoa kitu kimoja cha kusikilizia sikioni, kile kingine akakiacha.

"Sasa mama mkubwa, si mngepiga simu tu, wakaleta gari la wagonjwa?"

"Simu gani?"

"Aisee. Mlikuwa na maisha magumu," akasema, akarudisha kifaa chake sikioni. Simlaumu. Mama yake yu hai kwa sababu ya maisha yale, na yeye hatahitaji kamwe kumwomba mtu uzito wake. Wala sitaki barabara ile irudi. Mwanamke mwenye uchungu leo anafika Kabanga kabla maji ya chai hayajachemka. Lakini niliangalia mle ndani, viti vyote vimejaa, kila mtu na skrini yake, na sikumjua hata mmoja, wala hakuna aliyejua tunakwenda kupima macho.

Mama haoni vizuri, lakini kona za barabara ile anazijua kwa mwili. Tulipopita chini ya kijiji chetu, bila kusimama, alinishika mkono, akaanza kutaja watu, si magari. Alitaja kwa mpangilio, kama walivyokaa. Ezekieli kichwani. Baba yenu miguuni. Anastazia kwa pembeni. Mwalimu kwenye bodi na watoto wake. Aliyeleta mbuzi. Kila jina alilipumzikia kidogo, akaniambia nani amekufa, nani amehamia wapi, nani watoto wake hawajambo. Basi lilikuwa linateleza bila mtikisiko wowote. Alikuwa bado hajafika kwa Mama Pili na waliokaa nyuma, dereva akapunguza mwendo, mlango ukajifungua wenyewe, na tukawa tumefika Kabanga.